Weusi wa Mlangoni

Joanitha alikuwa na sifa moja pale Mwanga, mjini Kigoma, na wala hakuificha: picha zake za nyeusi na nyeupe zilikuwa na weusi wa kweli. Studio nyingine zilitoa weusi uliochoka, wenye ukijani kwa mbali, kwa sababu printa zao zilichanganya rangi ili kupata kijivu. Printa yake ilikuwa na wino mweusi, wa kijivu na wa kijivu hafifu, na aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Wateja walikuja kwa ajili ya weusi huo, naye akazoea kuwaongezea hata wasipoomba.

Kwa hiyo Jumanne ile, Mzee Gasper na mkewe Bibi Agnesi walipofika kutoka Kidahwe kuchukua picha yao, aliwapokea kwa bashasha ya mtu anayesubiri kusifiwa. Picha yenyewe ya asili ilikuwa ndogo, inaenea kiganjani, ya harusi yao ya mwaka 1975. Maharusi walisimama nje ya nyumba ya kina Agnesi, mlango ukiwa wazi nyuma yao. Jumapili ilikuwa misa ya jubilei, miaka hamsini ya ndoa, na wajukuu walitaka picha kubwa ya kubeba mbele ya maandamano kuingia kanisani.

Joanitha akaifunua. Mzee Gasper alijiona kijana mwenye tai, akacheka mpaka akashika ubavu. Bibi Agnesi hakucheka. Alisogea, akaweka kidole pale penye mlango, kwenye giza ambalo Joanitha alijivunia kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi ile.

"Marcelina umempeleka wapi, mwanangu?"

Joanitha hakujua anaulizwa nini. Bibi akamweleza taratibu. Marcelina alikuwa mdogo wake, wa miaka kumi na miwili, na siku ile alisimama mlangoni nyuma yao. Masika yaliyofuata homa ikamchukua, na hakuna aliyewahi kumpiga picha nyingine. Katika ile ndogo yumo, ukijua pa kutazama.

Mzee Gasper alishusha pumzi. Ubishi huu alikuwa ameuoa pamoja na mke.

"Lile ni doa, Mama Adolf," akamwambia mkewe. "Marcelina aliingia ndani. Nilimwona kwa macho yangu."

Nyumbani wajukuu nao walikuwa upande wa babu, kwa kuwa kila walipotazama waliona doa. Bibi Agnesi hakubishana. Aliikunja picha kubwa kwa adabu, akamrudishia Joanitha, akasema Jumapili ataandamana na ile ndogo mkononi, inamtosha. Angefoka, Joanitha angejitetea. Ule upole ndio uliomchoma.

Na alijua kosa lake lilipo. Tangu enzi za kompyuta yake ya zamani, iliyokuwa ikijaa upesi, alizoea kuskani kwa biti nane. Kwa biti nane, kutoka nyeusi kabisa hadi nyeupe kabisa kuna ngazi mia mbili hamsini na sita, basi. Zinatosha kwa sura iliyopigwa na jua. Lakini kwenye kiza cha mlango zinabaki ngazi chache mno, na kila kilichokuwa katikati ya ngazi moja na nyingine kinalazimishwa kukaa kwenye ngazi ya juu au ya chini. Kama hiyo haikutosha, naye alikuwa ameukandamiza mlango mzima mpaka ukawa mweusi tii, ili upendeze. Kama palikuwa na mtoto, yeye ndiye aliyemfungia.

Akaiomba ile picha ndogo. Bibi Agnesi alisita, kisha akaitoa kwenye kitambaa.

Kwanza Joanitha alijaribu njia ya mkato. Alilifungua lile faili la mwanzo, akaangaza mlango. Kwenye kioo yakatokea mabaka ya kijivu yaliyokatikakatika, hayana mbele wala nyuma.

"Si nilisema?" Mzee Gasper akasema. "Doa."

Joanitha akalifunga faili. Akapangusa kioo cha skana, akailaza picha upya, akachagua biti kumi na sita. Hapo ngazi si mamia tena, ni zaidi ya elfu sitini na tano. Mashine ikaenda polepole, wazee wakingoja kwenye benchi. Aliwaambia wazi kwamba haahidi kitu: kama mwanga haukumgusa mtoto siku ile, hakuna kompyuta itakayomleta. Bibi Agnesi akajibu kwamba ulimgusa.

Akaanza kuuinua mlango kutoka gizani, kidogo, akitulia kila mara. Safari hii kiza hakikukatika. Kilifunguka. Ukatokea mstari wa fremu ya mlango, kisha vidole vinne vimeishika fremu. Baadaye paji la uso, na jicho moja, na shavu lililojaa kicheko kinachozuiwa. Joanitha alihisi machozi yakimlenga, akajifanya anatafuta miwani. Mzee Gasper alikuwa ameinuka kwenye benchi bila mtu kumwona.

Kazi ilibaki kwenye karatasi, maana kinachoonekana kwenye kioo si lazima kikubali wino. Karatasi ilikunywa wino, na kwenye kipande cha kwanza cha majaribio Marcelina akazama tena. Joanitha akamwinua zaidi. Cha pili, likatoka jicho tu. Kwa kipande cha tatu ilimbidi aachane na weusi wake: mlango ukawa kijivu kizito, weusi ambao juzi tu angeuonea haya kuuweka dirishani. Ngazi zile nyingi alizipunguza mwishoni kabisa, kazi ikiwa imekwisha, kwa sababu printa haihitaji zote. Anayezihitaji ni mtengenezaji, na hilo ndilo alilolisahau miaka yote.

Picha kubwa ilipotoka, aliilaza mezani bila mbwembwe. Maharusi walikuwa mbele, wamekakamaa. Nyuma yao msichana alikuwa ameshika fremu kwa mkono mmoja, mguu mmoja umeshavuka kizingiti, anachungulia.

"Huyo," Bibi Agnesi akasema. Hakumgeukia mumewe kumcheka. Alitulia tu, ametosheka, akilisawazisha pindo la karatasi ambalo halikuwa limekunjamana.

Mzee Gasper alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua kofia.

"Hakuingia kwa hiari yake," akasema. "Ni mimi niliyemfukuza. Gauni lake lilikuwa limechanika begani, nikaona litaniharibia picha. Nikamwambia aingie ndani. Akaingia, nami nikageuka mbele."

Bibi Agnesi akajibu kwamba anajua. Siku ile alikuwa amesimama pale pale ubavuni mwake.

Mzee akainama juu ya meza, uso wake karibu na ule wa mtoto.

"Nisamehe, shemeji," akasema. "Toka nje sasa. Jumapili tunakwenda wote."

Joanitha akatafuta bomba la kadibodi la kubebea picha. Mzee Gasper alilikataa. Akaishika picha wazi kwa mikono miwili, ili isikunjwe kama ile ya kwanza, wakatoka nayo hivyo hivyo hadi stendi.