Hodi Chini ya Vitamutamu

Ubao wa kukatia mkate ulikuwa mdogo, na masinia yote yalikuwa yameshachukuliwa na nyama, kwa hiyo dada mkubwa akang'oa mlango wa stoo. Alilegeza skrubu za bawaba kwa kisu cha mezani, akausugua mlango kwa maji moto na sabuni, akaulaza juu ya meza mbili sebuleni na kuutandika karatasi ya kuokea. Kazi yake ni kuoka keki za watu. Safari hii alioka za nyumbani, kwa mahafali ya mdogo wake, mhandisi wa kwanza katika ukoo.

Ubao wa vitamutamu huanza na vikubwa. Aliweka bakuli la krimu juu ya tundu la ufunguo, na la chokoleti iliyoyeyushwa upande wa pili. Biskuti za siagi zikapita katikati kwa mkunjo, zikafuata keki ndogondogo, tende na njugu za sukari. Mianya aliiziba kwa zabibu. Ubao ukionekana, aliyeupanga amelala.

Alikuwa anamalizia zabibu mtu alipobisha hodi kutoka chini ya mlango. Mjomba aliinama akatazama chini ya meza, akakuta zulia tu.

"Karibu," mama alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye vitambaa alivyokuwa anakunja. "Ila fungua taratibu, kuna krimu."

Mlango ukainuka upande mmoja, kiasi cha mtu kupita. Dada aliwahi biskuti kwa mikono yote miwili. Keki chache zilianguka, na mjomba akaziokota akazila, maana kilichoanguka hakirudi mezani. Akatoka msichana wa sare, begi mgongoni, viatu vimeng'arishwa. Alikuwa dada mwenyewe, wa mwaka ule alipoachishwa shule na begi lake likafungiwa stoo.

"Shikamoo mama. Shikamoo mjomba." Akamgeukia dada, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili. "Shikamoo."

"Marahaba," dada akaitikia. Yeye ndiye mkubwa, na adabu ni adabu.

"Nimesikia vigelegele. Amemaliza?"

"Amemaliza," alisema mama.

"Basi zamu yangu imefika. Ulisema nimwache yeye atangulie, halafu nitarudi."

Mama alikunja kitambaa kingine. "Subira huvuta heri, mwanangu."

"Nimesubiri, mama. Heri imeenda kwake."

Mjomba alicheka hadi akapaliwa. "Kumbe ule mdomo tuliusahau stoo!"

Dada hakucheka. Alitamani mama aseme ndiyo, alitamani kwa nguvu hadi akaona aibu, mtu mzima kama yeye. Zabibu zilimpondekea mkononi.

Mhitimu akaingia kujitazama kwenye kioo, joho mwilini. Alimsalimia dada, akamsalimia na yule mwingine, akasema hajabadilika hata kidogo. Kisha akachovya biskuti kwenye chokoleti na kutoa habari aliyokuwa ameitunza kwa ajili ya sherehe: amekubaliwa kuendelea na shahada ya pili. Mama akapiga kigelegele. Mjomba akampa mkono, akamwambia aongeze na ya tatu, za bure hizo.

"Basi," mama akamwambia msichana kwa upole, "akimaliza hiyo."

Msichana alimtazama dada. Dada alimtazama mama, kisha mdogo wake, ambaye alikuwa anajifuta chokoleti kidevuni isije ikadondokea joho. Hasira ilimpanda ikafika kooni, pale inapoishia siku zote.

"Vua sweta," alimwambia msichana, "litaingia krimu." Akamfunga aproni, akaurudisha mlango chini na kuzipanga upya biskuti.

Wageni walipofika walimsifu mhitimu, wakausifu na ubao. Mgeni mmoja aliuliza nyumba hii inawapata wapi wasichana wa kazi wenye adabu namna hii. Mama akajibu kwamba ni bahati tu.

Jikoni vyombo vilikuwa vimejaa sinki. Dada aliosha, msichana akafuta. Hawakuhitaji kuelekezana.