Uso wa Kuonyesha Bungeni

Hakuna aliyemwambia Odessa Tibbs amnyime bintiye dawa. Watu wa chama cha wagonjwa wa figo ni wastaarabu mno, hawasemi maneno kama hayo. Bwana Haig, aliyewafundisha wazazi kwa simu namna ya kuzungumza na wabunge, alisema tu: "Mwaka jana tulipeleka mtoto kanawiri, karani wa mbunge akamwuliza anachezea timu gani. Hela hatukupata. Safari hii, mkija Washington, waacheni wauone ugonjwa."

Odessa aliyaelewa kupita kiasi. Renita wake, miaka kumi na sita, ana ugonjwa wa figo ambao madaktari wa mjini kwao Toledo huenda kuusoma kwanza ndipo wamjibu. Dawa pekee iliyomsaidia ilikuwa ya majaribio, na majaribio yenyewe yalilipiwa na serikali mpaka Septemba. Baada ya hapo, bunge likipenda. Basi siku nne kabla ya safari akawa anampangia binti vidonge vyake vyote, ila vile vya kutoa maji mwilini akaviacha kabatini.

"Nitavimba, mama," Renita alisema.

"Ndiyo maana yake. Tukirudi utaendelea navyo."

Renita akacheka. Mtoto yule alikuwa na moyo wa kucheka mambo ambayo mwingine angeyalilia, na mama yake aliutumia moyo huo vibaya.

Siku ilipofika, viatu havikuingia. Renita aliingia jengo la wabunge na ndara za hoteli, macho yamebaki mistari miwili, akisimama kuhema kila baada ya hatua chache. "Pole sana, binti," alisema Bwana Haig, na ungemtazama vizuri ungeona kafurahi.

Ofisi ya mbunge wao ilikuwa imejaa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, waliokuja na aiskrimu. Karani wa mbunge, kijana aliyeitwa Tanner, akawapokea wageni wake wa figo koridoni, wima, kwa dakika saba.

"Naitwa Renita Tibbs," binti alianza, kama walivyofanya mazoezi. "Mwaka mzima niliambiwa uso unavimba kwa sababu ya karanga. Mwalimu hakujua, nesi wa shule hakujua. Tunaomba utafiti uendelee, na watu wafundishwe dalili. Miaka miwili ijayo nitapiga kura." Akavuta pumzi. "Nikiwepo."

Tanner akaacha kuangalia simu yake.

"Mheshimiwa suala hili liko moyoni mwake kabisa," akasema. "Hela mwaka huu ni ngumu. Ila kwenye ripoti ya kamati ya bajeti tunaweza kuweka sentensi, kwamba kamati inahimiza utafiti wa magonjwa adimu ya figo."

"Sentensi hiyo ina dola ngapi?" Odessa aliuliza.

"Haina dola, mama. Ni sentensi."

Bwana Haig akampa mkono karani, mikono yote miwili, akaiita sentensi hiyo ushindi. Wakapiga picha. Tanner alimletea Renita kikombe cha aiskrimu, kitu ambacho figo zake hazikiruhusu, naye akakishika kwa heshima ya picha.

Kwenye lifti ya kushuka alisema hewa haiingii. Walipofika hospitali midomo ilikuwa imebadilika rangi. Maji yalikuwa yamejaa mapafuni, na figo zake zimekata tamaa, kwa hiyo wakamfunga kwenye mashine ya kusafisha damu.

Kesho yake asubuhi daktari, mwanamke wa makamo aitwaye Achterberg, alikaa kando ya kitanda. Hakuzungusha maneno. Mgonjwa akishawekwa kwenye mashine, anatolewa kwenye majaribio ya dawa; hilo moja. Sasa liko la pili.

"Damu yako haina hata chembe ya vidonge vya kutoa maji," alimwambia Renita. "Kama uliviacha mwenyewe, lazima niandike kwamba hufuati matibabu. Siku ukiomba figo ya kupandikizwa, wanaoamua nani apewe watasoma hapo kwanza, na wengi hawaendelei kusoma. Kama kuna mtu alikunyima, hiyo ni habari nyingine, na yule dada pale ndiye anayeshughulikia."

Mlangoni alisimama mwanamke mwenye kitambulisho cha ustawi wa watoto. Odessa alikiona. Alijua sentensi moja tu ya kweli ingelisafisha jina la mwanawe. Alijua pia wangemchukua mtoto siku hiyo hiyo.

Renita alimtazama mama yake. Alimtazama kitambo, akimngoja.

"Niliviacha mwenyewe," akasema mwishowe. "Vinanikojoza sana."

Daktari akamgeukia Odessa. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Sikujua," Odessa akasema, na daktari akaandika.