Mdomo wa Bunju

Miaka ile ya ruksa, kila mwenye mtaji kidogo alijiingiza kwenye biashara, na hata Mikumi samaki wa baharini walianza kufika wakiwa kwenye barafu. Kasian alikuwa mmoja wa walioacha kazi ya kiwandani Dar es Salaam wakawa wachuuzi wa samaki. Dada yake, Verdiana, alikuwa mwalimu wa baiolojia Mikumi. Alipomwomba samaki wenye midomo tofauti kwa ajili ya somo, Kasian alimletea ndoo nzima.

"Huyu mwenye miiba ni bunju," alimwambia. "Ana sumu, haliwi. Ukimaliza kufundisha, mfukie."

"Nimesikia, kaka."

Na kweli alisikia.

Siku ya somo, wanafunzi ambao wengi wao hawakuwahi kuiona bahari waliizunguka meza. Mkaguzi wa elimu kutoka Kilosa alikaa nyuma. Verdiana alikipanua kinywa cha chewa mpaka ngumi yake ikaingia, akaeleza kwamba huyu humeza wenzake wazimawazima. Akaonyesha ndevu za mkundaji, za kupapasia minyoo mchangani. Pono meno yake yalikuwa yameshikana kama mdomo wa kasuku, ya kukwangulia mwani kwenye matumbawe. Mwisho akamnyanyua bunju. Meno manne tu, mawili juu, mawili chini, manene, ya kuvunjia kaa na konokono.

"Kama mbuzi na ng'ombe, Mwalimu," alisema Naipanoi, binti wa wafugaji. "Mbuzi ana mdomo mwembamba kwa sababu anachagua majani. Ng'ombe anafagia tu."

"Hasa!" alisema Verdiana, na mkaguzi akatabasamu.

Kipindi kilipokwisha, mkaguzi alimwita ofisini kwa mkuu wa shule wanywe chai. Mlangoni Verdiana akakutana na Bibiana, mpishi wa shule.

"Mwalimu, na hawa samaki?"

"Chukua tu upeleke kwako, dada, wasije wakaharibika."

Alipokuwa anakata kona, maneno ya Kasian yakamjia. Akajiambia atarudi sasa hivi amtoe bunju. Lakini chai ilikuwa tamu, na sifa za mkaguzi zilikuwa tamu zaidi. Aliporudi, sinia la samaki lilikuwa tupu. Nyumbani kwa Bibiana hapakuwa mbali. Verdiana alisimama, akafikiri, kisha akajituliza: nani atapika kitu kibaya namna ile? Akaenda zake nyumbani.

Asubuhi shule nzima ilikuwa na habari. Bibiana na mama mkwe wake, Bi Mwanvua, walikuwa wamekimbizwa hospitali Kilosa. Bi Mwanvua alikufa njiani.

Verdiana hakuingia darasani. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Bibiana, akakuta nyumba imefungwa, watu wameifuata maiti. Nyuma ya jiko, kwenye maganda ya ndizi, kichwa cha bunju kilikuwa kimelala mdomo wazi. Akakichimbia shimo kwa mikono, akakifukia. Alipokuwa anajifuta udongo ndipo alipoelewa kwamba hakuwa anafuata agizo la Kasian. Alikuwa anaficha.

Na kijiwe kilikuwa kimekwisha kuhukumu. Bibiana na mkwewe waliwahi kugombana hadharani, kwa hiyo watu walisema mkamwana kamwekea mama wa watu sumu.

Verdiana alipanda gari la kwenda Kilosa. Alimkuta Bibiana kitandani, mikono bado imelegea, maneno yakimtoka kwa shida kwa sababu ya ganzi ya midomo.

"Bibi hana meno, Mwalimu," alisema. "Nikampa yeye maini, maana ni laini. Mimi nilionja kidogo tu. Sijui nilikosea nini. Labda sikuwaosha vizuri."

Verdiana angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemwuliza kitu.

"Hukukosea," alisema. "Yule wa miiba ana sumu. Niliambiwa. Nikakuachia."

Bibiana akageukia ukutani.

Msibani, Verdiana alipiga magoti mbele ya Ulimboka, mume wa Bibiana, ndugu zake wote wakisikia, akaeleza yote, pamoja na kichwa alichokifukia.

"Ulijua?" Ulimboka aliuliza.

"Nilijua."

"Na uliporudi ukakuta samaki hawapo, ulifanya nini?"

"Nilikwenda nyumbani."

Ulimboka akanyanyuka akaingia ndani. Shangazi yake, aliyekuwa wa kwanza kumtaja Bibiana kwa ubaya, akaanza kulia upya.

Mkuu wa shule alisema ni ajali, na Verdiana akaendelea kufundisha. Laiti wangemfukuza, pengine angelala. Bibiana alipopona alirudi jikoni. Walimu walipopanga foleni mchana, alimpakulia Verdiana sawa na wengine, wala hakupunguza.

"Ahsante, dada," alisema Verdiana.

Bibiana akamwita anayefuata.