Kaptula ya Kupimia

Mashavu wa nyumba ya pili anasema alikuwepo. Anasema siku ya sita baada ya uzazi aliingia kumjulia hali Shamimu, akamkuta anamwogesha mtoto, na kitovu kikadondoka mbele ya macho yake.

"Kilimwangukia pale pale kwenye uume," huwaambia wanawake wanaopukuchua mahindi barazani kwake. "Sasa hapo mwanamume yuko wapi tena? Ndiyo maana mfuko wake wa korodani mtupu."

Hakuwepo. Kitovu kilidondokea kwenye kanga, na Shamimu alikikuta wakati anafua. Lakini maneno yalitoka kwao Mkata yakafika hadi shambani Mazingara, alikokuwa mumewe, Jabiri, akipalilia. Jabiri aliporudi hakuuliza kitu. Aliacha tu kumpakata mtoto.

Zahanati walikuwa na utaratibu wao. Kila mama hushona kaptula ya kitambaa yenye kamba mbili, mtoto akavalishwa na kuning'inizwa kwenye ndoano ya mizani. Nesi Janeth hakutaka kucheleweshwa.

"Kina mama, asije mtu akaanza kumvua mtoto kwenye foleni! Mvalisheni huko huko kwenu. Mimi mmoja, nyie mia!"

Basi watoto walikuja wamevaa. Ndoano, uzito, kalamu, mwingine. Miezi kumi Semboja, mtoto wa Shamimu, alining'inizwa pale, na hakuna mkono hata mmoja uliofika chini ya kile kitambaa. Kwenye kadi yake, mstari wa uchunguzi wa mtoto mchanga, liliandikwa neno walilopewa watoto wote: kawaida.

Mtoto alipofikisha miezi minne Shamimu alijikaza. "Nesi, naomba umwangalie mwanangu huku chini. Sioni korodani."

Janeth alikuwa anaandika kadi nyingine. "Zitashuka. Wa kwangu zilishuka zenyewe. Usimvue, kuna foleni."

Foleni yote ilisikia. Shamimu hakuuliza tena mpaka mtoto alipotimiza miezi kumi na mmoja, akapanda basi kwenda hospitali ya Korogwe.

Katika hospitali hiyo daktari kijana, Raymond, ndiye alikuwa wa kwanza kumlaza Semboja mezani na kumvua. Alisugua viganja vikapata joto, akampapasa kinenani taratibu.

"Zipo, mama. Zote mbili. Zimekwama huku juu."

"Siyo kitovu?"

"Kitovu kimefanya nini?"

Akamweleza. Daktari alitikisa kichwa. "Kitovu hakihusiki. Na wewe huna kosa."

Shamimu alitamani Jabiri angekuwepo asikie. Lakini daktari hakuwa amemaliza.

"Mtoto akizaliwa, ndani ya korodani kuna chembe hai changa. Kuanzia kama mwezi wa tatu hadi wa sita, mwili unaziamsha zigeuke chembe mama, zile zitakazomtolea mbegu za kiume akishakuwa mtu mzima. Zinataka ubaridi wa mfukoni. Huko juu kuna joto. Nyingine hazigeuki, nyingine zinakufa."

"Mbona halii?"

"Haziumi. Zinapungua tu, mwezi hadi mwezi. Zikishushwa kwa upasuaji kabla ya mwaka, kwa kuchelewa sana mwaka na nusu, tunaokoa zilizobaki. Bado tuna nafasi. Nenda kwa Edna akupangie."

Edna, karani wa ratiba ya upasuaji, alipekua daftari lake mbele, akazidi kupekua.

"Februari."

"Hii inayokuja?"

"Inayofuata baada ya hiyo. Daktari wa upasuaji wa watoto anakuja mara moja kila miezi mitatu."

"Dada, atakuwa ameshapita miaka miwili! Daktari kasema mwaka na nusu mwisho."

"Anatapika? Analia? Hao ndio wa dharura. Huyu anacheka. Kwanza ungemleta mapema."

"Nimempeleka kliniki kila mwezi! Kadi hii hapa!"

Edna aliifungua, akasoma, akamrudishia. "Si wameandika kawaida?"

Mwanamke mmoja nyuma yake akaguna. "Shukuru, mdogo wangu. Umepangiwa wajukuu wako Februari."

Watu wawili watatu wakacheka. Shamimu hakucheka. Alirudi kwenye mlango wa daktari, akaupita mstari mzima wa waliosubiri, akaingia.

"Mama, kuna mgonjwa mwenzako anaingia."

"Edna kanipa Februari ya mwaka ule mwingine."

"Nitajaribu kuongea nao. Siahidi."

"Hospitali nyingine?"

"Foleni ni hiyo hiyo."

Shamimu alimlaza Semboja juu ya makaratasi ya daktari, akafungua zile kamba mbili, akamvua kaptula. Mtoto akarusha miguu, anacheka. Kadi akaiweka pembeni yake, kidole chake kikiwa juu ya lile neno.

"Basi andika hapa, daktari. Andika leo ana miezi kumi na mmoja, na umeziona ziko juu. Andika tarehe. Na hapa kwenye kawaida, andika kwamba hawakumvua. Siku moja huyu ataniuliza mimi."

Raymond aliutazama mhuri wa zahanati, akaitazama sahihi ya Janeth chini yake, sahihi ambayo maneno hayo yangeikanusha. Kalamu ilikuwa mkononi mwake, imefunguliwa.

Nje mtu aligonga mlango.

"Andika, baba," Shamimu alisema.

Mlango uligongwa tena. Daktari alikuwa bado anautazama ule mhuri.