Mashine Kumi na Moja za Nurudini

Karatasi niliisoma mimi. Naanza hapo kwa sababu watu wa mtaa wetu hapa Kasulu wakisimulia habari hii huanzia kwenye mawe, kana kwamba mawe yalijiokota yenyewe.

Ilikuwa Machi 2014, msibani kwa Isack, mbeba mizigo wa sokoni. Mama yake alitoa karatasi ya hospitali kwenye pindo la kitenge, akanipa mimi mbele ya watu wote. Darasa la tano sikulifika, lakini kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia sukari, na tangu hapo barua yoyote ya serikali iliyoingia mtaani ilipita kwangu kwanza. Nikasoma kwa sauti: "Sababu ya kifo: upungufu wa damu."

"Imepungua ikaenda wapi?" mama akauliza.

Mtu mwenye akili angemjibu: mama, huo ni ugonjwa. Mimi nilikuwa na hasira. Isack alibeba lumbesa miaka tisa, yale magunia wanayoyaongezea kilemba juu ili mkulima apunjwe na mbebaji avunjike mgongo. Akala muhogo mkavu, akalala. Nikasimama.

"Waulizeni wanyonyaji! Muulizeni Nurudini! Damu ya Isack iko kwake!"

Watu wakaguna. Nilidhani ni kuniunga mkono.

Mnyonyaji ni neno nililolelewa nalo. Mwaka sabini na nne serikali ilipotuhamishia vijiji vya ujamaa, baba akaezua nyumba yake kule Muyama kwa mikono yake mwenyewe, tuliambiwa mnyonyaji sasa basi. Ahadi nyingine zote waliondoka nazo, neno wakaniachia. Nimelitumia miaka arobaini. Nimemwita hivyo karani wa kahawa, nimemwita hivyo diwani mbele ya mkewe, na hakuna hata siku moja mtu aliyeinama kuokota kitu.

Lakini Nurudini alikuwa na mashine.

Huyu ni mwenye duka, mjukuu wa watu wa Ujiji, mnunuzi wa maharage, na adui yangu wa siku nyingi. Kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012 na vyombo vya mashirika vikauzwa, wenzake waligombania mabati na magodoro. Yeye alirudi na mashine mbili za kunyonya vumbi. Vitabuni huandikwa kufyonza; huku kwetu tunasema kunyonya. Akafuata nyingine Kibondo, kwenye nyumba ya wageni iliyofungwa, nyingine akanunua kwa masista, mpaka zikatimia kumi na moja, katika mji ambao nyumba nyingi sakafu yake ni udongo. Hakuuza hata moja. Alikuwa anazilinganisha tu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, saa sita mchana, Kudra muuza vitumbua alisimama mlangoni kwangu bila hata salamu ya mwakeye.

"Kaka Cleophas, umekaa tu? Watu wamejaa kwenye mashine ya kusaga. Tamimu amemwona Nurudini akimwaga damu kwenye migomba. Ndoo nzima!"

"Damu ya nini?"

"Unaniuliza mimi? Si wewe uliyefichua? Wanakusifu kweli."

Nikasimama. Nawajua watu wangu. Miaka ya nyuma, kijiji kimoja njia ya Kibondo, niliwahi kuona kilichobaki cha mtu aliyeitwa mumiani, mnyonya damu za watu. Kilikuwa kiatu.

Nikapita nyuma ya nyumba, nikakatiza kwenye migomba ya watu, nikagonga mlango wa uani wa Nurudini. Alifungua mwenyewe, kofia yake nyeupe kichwani, kitambaa cha kufutia mkononi.

"Mnyonyaji amepata mgeni!" akacheka. "Karibu, adui. Leo umekuja kuziona?"

"Nurudini, toka hapa. Nenda kwa ndugu zako Ujiji, sasa hivi. Watu wanakuja."

"Watu gani? Tangu lini wewe ukatangaza watu na watu wakaja?"

Akanivuta stoo. Mashine zilikuwa zimepangwa kwa kimo kama watoto wa shule. Akaokota ndala, akawasha moja ndogo ya manjano, akaining'iniza ndala kwenye mdomo wa bomba. Ikashika kidogo, ikaanguka.

"Hii ya nyumbani. Sauti kubwa, kifua hakuna. Ina mfuko wa karatasi. Vumbi letu jekundu linauziba kwa dakika kumi, halafu inachemka kama mgonjwa wa malaria. Sasa mtazame Tembo."

Tembo ilikuwa pipa la chuma juu ya magurudumu, lenye bomba nene kama mkono wangu. Akaiwasha. Ndala ikanasa, akalizungusha bomba hewani, ndala haikutoka.

"Hii ya kazi. Mota mbili. Ilikuwa inasafisha ghala zima kule kambini. Za nyumbani ukizipa maji zinakufa papo hapo. Tembo anakunywa! Jana mvua iliingia humu, amekunywa yote."

"Maji hayo ulimwaga wapi?"

"Kwenye migomba. Kwani nimwage sebuleni?"

Akafungua kifuniko cha pipa. Ndani mlikuwa na tope la udongo wetu, limeganda ukutani, jekundu zito, na juu yake nyuzinyuzi. Hata mimi niliyejua ni tope, niliiona damu. Nurudini akatazama uso wangu, kisha akatazama pipa, na nikaona anaelewa.

Jiwe la kwanza likagonga bati.

Umeme ukakatika saa ileile. Siku hizo ulikuwa hauna ratiba, na simu nayo ikapoteza mtandao. Nje ilisikika miguu mingi, hakuna kelele. Ningependa kelele. Watu wanaopiga kelele wanaweza kuchoka.

"Cleophas," akasema, na hakuwa anacheka tena. "Uliwaambia nini?"

Nikamwambia. Hakunitukana. Alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni, kama mtu asiyetaka ichafuke.

Nikatoka barazani mimi kwanza. Walijaa mpaka barabarani. Mbele alikuwa mama Isack, mikono ndani ya kitenge. Kando yake Tamimu, fundi baiskeli, ameshika nondo. Na bibi Immakulata, mpiga chuku, yule anayechanja watu kwa wembe na kuvuta damu chafu kwa pembe la ng'ombe.

"Na wewe bibi?" nikauliza.

"Nimekuja kumwona mwenzangu wa kazi," akasema. "Anavuta bila kunishirikisha."

Watu wawili wakacheka. Tamimu hakucheka.

"Kaka, ondoka hapo. Umeshafanya kazi yako. Mtoe."

"Ile si damu, Tamimu. Ni maji na udongo. Mashine inanyonya vumbi."

"Basi tuione!"

"Umeme hakuna."

"Leo ndiyo hakuna!"

Jiwe likapita sikioni mwangu, likavunja kioo cha dirisha. Nurudini akatokea akikokota jenereta ya dukani. Alivuta kamba mara nne kabla haijawaka. Mikono ilikuwa inateleza kwa jasho. Tukaitoa Tembo. Umati ukarudi nyuma hatua tatu kwa pamoja.

"Ajaribiwe yeye!" mtu akapaza sauti.

"Ukimjaribu mwenyewe utasema ana dawa yake," nikasema. "Nijaribieni mimi."

Nikavua shati. Sitadanganya kwamba nilikuwa shujaa. Nilibana mapaja ili nisijikojolee. Nilimpa adui yangu bomba, kisha nikampa tumbo. Tembo ikanguruma, ngozi ikavutwa ndani mpaka nikapiga yowe, na nyuma ya yowe langu umati wote ukapiga lao. Nikaona nondo inapanda juu.

"Zima!" nikasema. "Zima, zima!"

Palibaki duara jekundu, kubwa kama kisahani cha chai.

"Mmeona!" Tamimu akasema.

Bibi Immakulata akaja taratibu, akalamba kidole gumba, akakisugua kwenye lile duara. Akakitazama kidole, akakinusa. Akafungua kifuniko cha pipa, akachota tope, akalionja, akatema.

"Udongo," akasema. "Na huyu hajachanjwa. Wembe uko wapi? Miaka hamsini naumika watu, sijaona damu inayotoka kwenye ngozi nzima. Pembe bila wembe ni busu tu."

Safari hii wakacheka wengi. Nikaanza kuvaa shati.

"Haya," Tamimu akasema. "Mashine si yenyewe. Lakini damu ya Isack ilipungua, karatasi imesema. Na wewe ulisema iko kwa Nurudini. Kama si kwa mashine, aliichukua kwa kitu gani?"

Kicheko kikafa. Mama Isack akatoa mikono kwenye kitenge. Katika ule wa kulia alikuwa na jiwe, dogo, la mviringo, kama la kuponda karanga.

"Ulisema iko kwake," akaniambia. "Iko kwake?"

Nilitaka kumweleza kuhusu lumbesa, kuhusu mgongo wa Isack, kuhusu mwaka sabini na nne. Ningeweza kusema saa nzima. Nikaliangalia lile jiwe.

"Hapana, mama."

"Ulisema."

"Nilisema. Nurudini anawapunja kwenye magunia, na nitalisema hilo hata kesho. Damu ya Isack hajaigusa. Ule ni ugonjwa, mama. Karatasi ilitaja ugonjwa. Mimi niliisoma vibaya."

"Wewe? Ulisoma vibaya?"

"Ego, ndiyo. Nilisoma vibaya."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akapasahau. Kisha akaweka jiwe chini, polepole, akafungua pindo. Karatasi ilikuwa imeshaanza kuchanika kwenye mikunjo. Nikanyoosha mkono kuipokea. Akapita mbele yangu, akampa Nurudini.

"Soma wewe," akamwambia. "Usiongeze kitu."

Nurudini akasoma kwa sauti, maneno yote, mpaka mhuri na tarehe. Akamrudishia kwa mikono miwili. Mama akaondoka bila kuaga, na watu wakamfuata, Tamimu wa mwisho, nondo ikikwaruza barabara.

Tangu siku ile karatasi za mtaa zinasomewa dukani kwa Nurudini, kati ya mizani na magunia, na magunia bado yana vilemba. Hilo nalisema mikutanoni, naye ananijibu. Ila kila nikisimama, kabla sijafungua mdomo, huwa natazama kwanza mikono ya watu.