Vibanio Kumi vya Namba Tisa

Vibanio vilikuwa kumi. Eufrasia alivihesabu kutoka juu kwenda chini, akavihesabu tena kutoka chini kwenda juu, akiomba kimoja kipotee njiani. Hakikupotea. Vyote vya njano, vimeng'ang'ania kamba fupi kwenye msumari wa jezi namba tisa. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika ishirini mchana. Mechi ilikuwa saa tisa.

Chumba cha kufulia cha klabu ya Lea Wharf kilikuwa chini ya jukwaa, upande ule wa Edmonton ambako barabara kubwa inapita juu na nyaya za umeme zinavuma kila mvua ikinyesha. Eufrasia alikuwa na mwaka wa pili pale. Alikuja London kumlelea watoto shangazi yake Placida, muuguzi, na watoto walipoanza shule akabaki mikono mitupu. Ndipo Mzee Mahendra, mwenye duka ambako shangazi alinunua unga na choroko, aliposema, "Klabu yetu yataka mtu wa kufua. Huyu bibie mkono wake safi, namwona anavyopanga hata viazi."

Mzee Mahendra alikuwa Mhindi wa Unguja. Aliondoka baada ya mapinduzi, kijana mwenye sanduku moja, na miaka thelathini ya baridi haikukitoa Kiswahili chake mtaani kwao. Ndiye katibu wa Lea Wharf. Hakulipwa hata senti. Duka alilipenda kwa sababu lilimlisha, na klabu aliipenda bila sababu.

Sasa, vibanio vile vilikuwa na habari yake. Kocha alikuwa na sheria moja isiyoandikwa popote: ukionyeshwa kadi ya njano Jumamosi, Jumanne utashuka chumba cha kufulia uoshe viatu vya timu nzima. Ndoo, brashi, na matope ya watu kumi na mmoja. Eufrasia hakuweka daftari. Shule aliiacha darasa la tano, mwandiko wake ulikwenda polepole, na aliona haya mtu amkute ameinamia karatasi. Kwa hiyo kila aliyemaliza ndoo yake, alimbania kibanio cha njano kwenye msumari wa jezi yake. Wachezaji walicheka mwanzoni. Baadaye wakawa wanakuja wenyewe kutazamana, "Una vingapi wewe? Mimi viwili tu, mimi malaika."

Delroy, mwenye jezi namba tisa, hakuwa malaika. Alikuwa kijana wa Tottenham mwenye miguu ya dhahabu na mdomo usiofungika, na refa hakupuliza kipenga asijibiwe naye. Lakini mabao ishirini na sita alikuwa ameyapachika msimu ule, na kwa mabao hayo Lea Wharf ilikuwa kileleni. Klabu ile haikupanda daraja kwa miaka mingi mno. Margaret, mama wa chai, aliyekuwa akimimina chai pale tangu ujana wake, alisema hakumbuki tena watu wanafanyaje wakipanda. Leo ndiyo ilikuwa mechi ya mwisho. Pointi moja tu ilihitajika. Sare ingetosha.

Asubuhi hiyo Mzee Mahendra alipita mlangoni akiwa amevaa tai. "Namba tisa ipige pasi vizuri, mwanangu. Ndiyo ya kutupandisha."

Mchana Eufrasia akaipiga pasi, na alipoirudisha msumarini, pasi ingali mkononi, ndipo alipovihesabu vibanio. Kisha akaikumbuka orodha ya kadi iliyobandikwa mlango wa ofisi, ambayo aliipita kila siku. Delroy: tisa, pamoja na ile ya Jumamosi iliyopita. Na kanuni ya ligi yao kila mtu aliijua: tisa unacheza, kumi unakaa nje mechi inayofuata, barua ifike isifike. Mzee Mahendra mwenyewe ndiye aliyemsimulia juu ya timu moja ya ng'ambo ya mto iliyochezesha mtu aliyefungiwa. Ilishinda, ikasherehekea, kisha ikavuliwa pointi kama mtu anavyovuliwa koti mlangoni.

Labda nimekosea, alijiambia. Labda siku moja nilibania viwili. Akafumba macho, akaanza kuzipitia Jumanne zote za Delroy, ndoo kwa ndoo. Ile aliyomwaga maji mpaka kwenye korido. Ile aliyokuja na mafua. Ile ya Januari, baada ya mechi ya ukungu, ukungu mzito hata kipa hakuliona lango la pili, mpaka refa akavunja mchezo dakika ya sitini. Delroy alikuja akiosha na kunung'unika, "Refa haoni mpira, lakini mimi kuupiga nje kaniona!"

Mechi ya ukungu! Ilifutwa, ikarudiwa mwezi wa tatu. Eufrasia akaweka pasi chini. Huenda Mzee Mahendra aliifuta mechi pamoja na kadi yake.

Sasa alijua, na kujua kulimkaa kifuani kama tonge kavu. Kumbe ni rahisi kubeba taulo mbichi za watu ishirini kuliko kumwambia mtu mzima, mbele ya wenzake, "Umekosea." Na akiwa amekosea yeye? Wamtoe straika wao, wafungwe, watu wakiuliza ni nani aliyesema, jibu liwe: mfuaji, na vibanio vyake. Shangazi Placida alizoea kumwambia, "Mficha uchi hazai, Eufrasia." Eufrasia hakuwahi kuipenda methali ile.

Alichomoa kamba kwenye msumari, akapanda ngazi nayo.

Ofisini Mzee Mahendra alikuwa akiandika majina ya wachezaji kwenye karatasi ya kumpelekea refa, kwa mwandiko wa kulala kama wa kadi za harusi. Kocha alisimama dirishani akila ukucha.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo tena? Tushaamkiana asubuhi." Akainua macho, akaiona kamba. "Wataka kutuanikia nguo humu?"

"Delroy ana kumi," Eufrasia alisema.

"Ana kumi nini?"

"Kadi."

Mzee Mahendra alicheka kwa upole. "Tisa, mwanangu. Mie ndo katibu. Hebu tazama." Akafungua daftari lake, akashuka na kidole. "Moja, mbili, tatu... tisa. Umeona?"

Angeweza kushuka ngazi hapo. Miguu ilishaanza kugeuka. Lakini kile kidole cha mzee kilikuwa kimeruka mahali, na yeye alikiona: ukurasa wa Januari, mechi nzima imekatwa kwa rula, mistari miwili mizuri ya wino mwekundu.

"Na hii, Mzee?"

"Hii ilivunjika. Ukungu. Haihesabiki."

"Lakini viatu alikuja akaosha."

Kocha hakujua Kiswahili, ila uso wa katibu wake aliusoma. "Kuna nini?" aliuliza kwa Kiingereza. Mzee akamweleza, huku akivuta kitabu cha kanuni, akikipekua mbele na nyuma. Kilisema mechi iliyovunjika matokeo yake yamekufa. Juu ya kadi kilikuwa kimya. Akapiga simu ofisi ya ligi. Iliita, ikaita, ikaita. Jumamosi mchana, nani angepokea?

"Muite Delroy," kocha alisema.

Delroy aliingia na mziki masikioni, akautoa. "Ile Jumanne baada ya ukungu," kocha alimuuliza, "uliosha viatu?"

Hapo Delroy angeweza kusema hapana. Ilikuwa mdomo wake dhidi ya kamba ya vibanio. Alimtazama Eufrasia, akaitazama kamba, akaelewa.

"Efi," alisema. Jina zima liliwashinda wote pale. "Mama yangu yuko jukwaani. Kaja na dada zake watatu kutoka Birmingham. Una habari?"

Eufrasia aliangalia viatu vyake.

"Niliosha," Delroy akasema. "Niliosha, Mungu anisamehe, na maji yalikuwa ya baridi." Akatoka, akaubamiza mlango mpaka orodha ya kadi ikadondoka.

Kocha akachukua kalamu mkononi mwa Mzee, akalikata jina la Delroy, na mahali pake akamwandika mwalimu mmoja wa shule, mtu wa miaka thelathini na sita ambaye msimu mzima alikuwa amelijua benchi kuliko uwanja. "Ikienda vibaya," alimwambia Mzee Mahendra, "tutabeba lawama sisi wawili. Huyu binti usimtaje."

Mechi ilipoanza Eufrasia alikuwa amerudi chini, amejifungia. Hakutaka kuona. Lakini jukwaa lilikuwa juu ya kichwa chake, na miguu ya watu mia nane ilimsimulia kila kitu. Wakinyanyuka, vumbi lilidondoka kutoka dari. Wakikaa, mbao ziliguna. Alisikia pia walivyouliza, wakipita korido kwenda kununua chai: "Delroy yuko wapi? Kaumia? Nani kamtoa? Wana wazimu?"

Dakika kama ya ishirini mlango ukagongwa. Alikuwa Delroy.

"Siwezi kukaa kule juu," alisema. "Mama ananiuliza nimefanya nini."

Akavuta ndoo, akakaa juu yake. Baadaye akasimama, akaijaza maji, akaanza kuosha viatu vya mazoezi ambavyo hata havikuwa vyake. Eufrasia akachukua brashi ya pili. Walisugua wakisikiliza dari.

Mapumziko Margaret aliingiza kichwa na vikombe viwili. "Bado hakuna kitu. Yule mwalimu anakimbia kama anafuata basi la mwisho. Kunyweni, mnaonekana kama wafiwa."

Kipindi cha pili kilikuwa kirefu kuliko msimu mzima. Wageni walishambulia, na hilo walilijua kwa sababu watu wa juu walikuwa kimya. Mara kukapigwa yowe, kisha ukimya wa kutisha. Margaret akaja mbio, safari hii bila chai.

"Penalti! Yao!"

"Dakika?" Delroy aliuliza.

"Themanini na nne."

Delroy alidondosha kiatu majini. "Ningekuwepo," alisema, "tungekuwa na mawili sasa hivi." Hakumwambia Eufrasia, lakini yeye ndiye aliyekuwepo. Alimwona Mzee Mahendra amekaa na tai yake, akamwona shangazi akisikia habari dukani, akajiona yeye mwenyewe akipita mlango wa nyuma kila siku ya maisha yake. Akashika ukingo wa ndoo, akasali kwa lugha ya nyumbani, ile ya bibi yake, maana Kiswahili alikiona kirefu.

Kipenga. Kisha mlio mkavu, kama mtu amepiga sufuria kwa mwiko, na dari nzima ikaruka.

"Mtambaa panya!" Ndivyo angesema mtangazaji wa redio ya nyumbani. Margaret, aliyekuwa amekimbilia ngazini kuchungulia uwanja, alipiga tu kelele kwamba chuma kimelia, chuma cha juu cha lango kimelia, mpira uko barabarani. Delroy alimkamata Eufrasia mabegani akamtikisa, kisha wote wawili wakakumbuka kwamba bado kuna dakika sita, wakakaa tena chini kama watoto waliokaripiwa.

Dakika sita zikaisha. Zikaongezwa nne, nazo zikaisha. Bila kwa bila. Lea Wharf ilikuwa imepanda.

Delroy alitoka na maji yanamchuruzika mpaka viwikoni, akapanda kwa mama yake na mama zake wadogo. Eufrasia akabaki. Aliinamisha kichwa juu ya mashine ya kufulia, ikamtetemesha mashavu, na akaona inafaa, maana hakuna ambaye angejua kama kinachotetemeka ni mashine au ni yeye.

Lakini pumzi yenyewe haikumtoka yote. Siku tatu zile, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa sikukuu na posta imefungwa, watu walimpongeza kocha huku wakimnong'ona: straika mzima, aliachwaje? Na je, ikiwa kadi ile kweli haihesabiki? Wamepanda, sawa, lakini alikuwa amemnyima mtu siku yake mbele ya mama yake.

Jumanne alikuwa anaanika jezi Mzee Mahendra alipoingia, bila tai, na bahasha. Alikaa juu ya ndoo. Kwanza alipangusa miwani.

"Iliandikwa Ijumaa," alisema. "Imefika leo. Delroy, kadi ya kumi. Wameitaja ya Januari. Mechi ilikufa, kadi haikufa." Alimnyooshea karatasi, kisha akakumbuka na kumsomea mwenyewe, neno kwa neno, mpaka pale paliposema hana ruhusa ya kucheza Jumamosi. "Miaka yote, mwanangu, nakata kwa rula. Ningetuuza kwa rula. Na weye ukapanda ngazi na vibanio!" Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia machozi, akakiacha kifanye kitakavyo.

"Pole, Mzee," Eufrasia alisema.

"Pole ya nini? Sema pumzika. Wewe na mie, tupumzike."

Basi akapumzika. Alishusha pumzi iliyokwama tangu Jumamosi, ikatoka ndefu mpaka akaona haya. Kisha akageukia kazi yake, maana jezi zilikuwa bado mbichi na vibanio vilimpungukia. Akaishusha ile kamba, akavifungua vile kumi vya njano, kimoja baada ya kingine, akaanikia jezi za timu iliyopanda. Namba tisa peke yake haikuhitaji kibanio. Ilikuwa imetundikwa msumarini mwake, safi, na mikunjo ya pasi ya Jumamosi bado imesimama.