Orodha ya Waliokataa

Kuna ofisi moja mjini Bukoba yenye mlango wa kioo uliobandikwa karatasi: SUKUMA. Kila nikipita namkuta mtu anauvuta, kisha anacheka kwa aibu na kujiita mshamba. Huwa natamani kumwambia kwamba mshamba ni yule aliyeweka mshikio wa kuvuta kwenye mlango wa kusukuma. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nasanifu tovuti na programu za simu, nalipwa ili mtu asijione mjinga mbele ya kitu kilichotengenezwa vibaya. Nimewahi kuitolea semina. Nilikuwa na mdomo sana.

Naitwa Edvina, nafanyia kazi nyumbani kwangu Buhembe. Mwaka jana mradi mmoja wa afya uliniomba nisanifu mfumo wa kupanga wagonjwa wa macho. Madaktari bingwa walikuwa wanakuja Muleba kwa wiki mbili tu, na wagonjwa walikuwa wengi kuliko nafasi. Nikabuni utaratibu mwepesi. Mgonjwa anapata ujumbe kwenye simu, anajibu moja kukubali au mbili kukataa. Asipojibu ndani ya siku mbili, nafasi yake anapewa mwingine. Kwenye kompyuta ya muuguzi, waliokubali wanaandikwa kwa kijani, na wengine wote kwa nyekundu: "Amekataa." Niliujaribu kwa watu ishirini pale mjini, wote wakajibu kabla chai haijapoa. Wenye mradi walinipigia makofi, na kichwa kikavimba.

Ilikuwa imepita miezi miwili tangu madaktari waondoke nilipofungua orodha ili niandike ripoti. Nikaona majina tisa mekundu, yote ya kijiji kimoja huko Kamachumu, yote ya siku zile zile. Nikadhani mtandao ulikatika. Kisha nikafika jina la saba: Klaudia, shangazi yangu, aliyenilea tangu baba alipofariki.

Nilimwandikisha mwenyewe. Alikuwa na presha ya macho, jicho la kushoto lilishakwenda, na operesheni ilikuwa ya kuliokoa la kulia. Ugonjwa ule ukishachukua haurudishi. Baada ya kumwandikisha nilisafiri kwenda Dodoma kwa kazi nyingine, na kila nilipompigia alinijibu kwamba mambo yamekaa sawa. Niliamini kwa sababu ilinirahisishia kuamini. Sasa nilimkasirikia. Nilijisemea, wazee na ukaidi wao, mtu anatafutiwa nafasi halafu anaikataa.

Kesho yake nikaenda Kamachumu. Nilimkuta mlangoni anamenya ndizi kwa kupapasa, kisu kinatembea polepole kando ya kidole gumba. Nilipiga magoti kumsalimu, naye akaitikia akitazama mgomba uliokuwa nyuma yangu.

"Ni Edvina huyo? Karibu, mwana wange. Ngoja nikupe akamwani."

Akaingia ndani akishika ukuta, akarudi na kikopo cha kahawa za kutafuna. Alinyoosha mkono kunipa, mkono ukapita pembeni ya wangu, kahawa zikamwagika chini. Hasira niliyokuja nayo iliishia hapo. Niliokota zile buni moja moja ili asinisikie ninavyopumua.

"Shangazi, ule ujumbe wa hospitali hukuupata?"

"Niliupata, lakini nilichelewa. Siku ile Protase, huyu jirani yetu, alifariki. Simu nikaifungia sandukuni. Utaendaje na simu msibani, ilie huku watu wanalia? Tulilala kule siku nne. Nilipotoka nikampelekea simu Alistidia, yule binti wa dukani, anisomee, akasema muda umekwisha."

Sikuwa na haja ya kusikia zaidi. Mimi ni wa huku. Najua kwamba mtu akifa kijiji kinasimama, hakuna anayeshika jembe, wanawake wanalala chini kwenye nyasi nyumbani kwa wafiwa mpaka siku zitimie. Wale tisa walikuwa kwenye msiba mmoja. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu, na halikunijia hata mara moja nilipokuwa nimekaa kwenye kiti changu Buhembe. Mtu niliyemfikiria alikuwa peke yake na simu mkononi, hana jirani wa kufiwa naye. Na aliponyamaza, nikamjibia mimi: amekataa.

"Shangazi, kosa si lako," nikasema. "Ni langu. Mimi ndiye niliyepanga kwamba anayenyamaza amekataa. Nilipaswa kuweka namna ya kumngoja mtu, au ya kumuuliza tena."

"Usiseme hivyo, waitu. Wewe umesoma. Ni sisi tusiozijua hizi simu."

"Hapana, shangazi. Nisikilize."

"Nakusikia. Lakini usihofu, hakuna anayejua. Hata yule muuguzi sikumwambia."

"Muuguzi gani?"

Akachukua ndizi nyingine, akaipapasa kutafuta ncha.

"Alinipigia simu. Madaktari walikuwa wamebakiza siku tatu. Akaniambia, mama, kompyuta inaonyesha umekataa, ni kweli au imekosea? Kama imekosea uje kesho, nafasi moja ipo."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia haijakosea. Nimekataa mwenyewe."

Yeye akaendelea kumenya, akieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari njema aliyoihifadhi siku nyingi.

"Kijiji kizima kinajua ile kitu umeitengeneza wewe. Nimewaambia kanisani, nimewaambia sokoni. Sasa mimi shangazi yako ndiye niseme imekosea? Wangekufukuza kazi. Macho yenyewe ni ya uzee, mwana wange. Wewe bado una safari ndefu."

"Na sasa unaona nini?" niliuliza.

"Naona mwanga wa mlango. Asubuhi tu."

Akaweka kisu chini. Akageuza uso wake kuelekea mahali alipodhani nimekaa, midomo ikiwa karibu kutabasamu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anangoja nimshukuru.

Nikamshukuru.